Waliokuona na Waliokujibu

Wajukuu zangu, leo sisimulii habari za sungura na fisi. Nasimulia habari za hizo simu mlizoshika, na nitaanzia mahali ambapo watu walijenga jumuiya kabla simu janja hazijafika: chini kabisa, ndani ya Kreta ya Ngorongoro.

Gari la watalii linaloshuka kwa barabara ya Seneto huteremka mita zipatazo 600 hadi kwenye uwanda wa kilomita za mraba 260 hivi. Humo mna tembo, nyumbu, simba, viboko, na faru weusi wachache ambao kila mgeni anatamani kuwaona. Dereva mmoja, hata awe na macho makali namna gani, hawezi kuupekua uwanda wote ule kwa asubuhi moja. Ndiyo maana waongoza watalii wa Karatu, mji wetu, na wa Arusha walizoea tangu zamani kusaidiana kwa simu za upepo. Aliyemwona faru upande wa msitu wa Lerai anawaambia wenzake. Wenzake wanajibu, wanamweleza na wao walichokiona karibu na Ziwa Magadi. Kule mjini kampuni zao zinagombea wateja, lakini ndani ya kreta wanapeana habari, kwa kuwa aliyeona leo ndiye atakayetafuta kesho.

Tazameni kilichofanyika hapo. Mtu amesema, mwenzake amejibu, na jambo hilo likarudiwa asubuhi nyingi mpaka watu wa kampuni mbalimbali wakawa wanategemeana. Lishikeni jambo hilo, maana hadithi yangu yote imo humo. Waliokuona wanaweza kuwa maelfu, nao hupita. Jumuiya huanza kwa wale waliokujibu, na hukomaa siku wanapojibizana wao kwa wao hata wewe usipokuwepo.

Watu wa huku walilijua jambo hili mapema. Wamaasai wa Ngorongoro wakikutana njiani hawaishii kwenye salamu. Hupeana ilomon, yaani habari zote: mvua imenyesha wapi, majani yako wapi, nani anaumwa, ng'ombe gani amepotea. Mmoja anasimulia huku mwenzake akiitikia mpaka mwisho, kisha wanabadilishana zamu. Mtu akifika boma la mbali, habari za nusu ya nchi zimefika pamoja naye.

Halafu ikaja redio. Waulizeni wazee wenzangu kuhusu kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya watu anaowasalimu, akaituma kwa posta, kisha akakaa karibu na redio siku baada ya siku akingoja jina lake lisomwe. Lilipotajwa, nyumba nzima ilishangilia. Wapo wasalimiaji waliokuwa maarufu nchi nzima ingawa hawakuwa na cheo wala mali. Kazi yao ilikuwa kusalimu tu, na kujibu salamu. Baadaye wakaunda vyama, Tanzania na Kenya pia. Wakaanza kutembeleana, kuchangiana msiba, kwenda kuona wagonjwa. Walijuana kwa majina kabla ya kujuana kwa sura. Ninyi mnaojuana na watu wa TikTok msiowahi kukutana nao mnafuata nyayo za wale wazee wa kadi.

Facebook ilianza 2004, WhatsApp 2009, Instagram 2010. Mitandao hii imeongeza mwendo, imeongeza picha, na imeongeza kitu cha tatu ambacho hamkioni: mchaguzi. Mkifungua Instagram au TikTok, hamwoneshwi kila kilichowekwa na kila mtu. Kuna programu inayokaa nyuma ya kioo na kuchagua. Inaangalia umesimama wapi, umetazama klipu gani mpaka mwisho, umekomenti wapi, umemtumia nani. Kisha inakuletea zaidi ya hicho. Programu hiyo haina haja ya kujua kama ulisimama kwa sababu umefurahi au kwa sababu umekasirika. Kwake yote ni kusimama. Kwa hiyo ugomvi huenda mbali upesi, na tusi moja linaweza kupata macho mengi kuliko wema wa mwezi mzima. Anayetaka kujenga jumuiya lazima ajue kwamba mchaguzi huyu hapimi jumuiya, anapima macho.

Sasa niwapeleke barabarani, mkitoka Arusha, kabla hamjafika Karatu mjini. Pale Rhotia barabara inapita kwenye bonde la mto Marera. Asubuhi ya Jumamosi, 6 Mei 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha liliacha njia likatumbukia korongoni. Watoto wale walikuwa wanakuja Karatu kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wanafunzi wenzao wa huku. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Waliotoka hai ni watoto watatu tu, nao walikuwa wameumia vibaya.

Siku ile simu zilifanya mambo mawili, na nitayasema yote mawili.

La kwanza linaniuma hadi leo. Picha za watoto waliokufa zilitawanyika kwenye simu za watu. Fikirieni mzazi wa Arusha ambaye bado anauliza kama mwanawe yumo kwenye lile basi, kisha anafungua WhatsApp. Aliyetuma huenda alidhani anatoa habari. Lakini habari ya kifo ina njia yake kwetu: hupelekwa na mtu mzima, kwa miguu, na mpokeaji huketishwa kwanza. Simu iliiruka njia hiyo. Mkiona ajali, wanangu, wekeni simu mfukoni, shikeni mkono wa aliyeumia, na mwacheni aliyekufa na heshima yake.

La pili ndilo lililonifanya niwasimulie kisa hiki. Wamarekani watatu waliokuwa wakijitolea katika shirika liitwalo STEMM, lenye makao Sioux City katika jimbo la Iowa, walikuwa wakipita njia hiyohiyo asubuhi ile. Walisimama, wakashuka kusaidia. Tarehe 8 Mei maelfu ya watu walijaa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwaaga marehemu, wakiongozwa na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais. Na wakati nchi inazika, shirika lile pamoja na Lazaro Nyalandu, aliyekuwa mbunge wa Singida Kaskazini, walikuwa wakihangaika kutafuta namna ya kuwapeleka wale watoto watatu Marekani kwa matibabu. Tarehe 14 Mei waliondoka na ndege ya shirika la Samaritan's Purse.

Kuanzia hapo hadi walipotua tena Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, 18 Agosti 2017, Watanzania waliwafuata watoto wale kwa simu. Nyalandu aliweka habari na picha za maendeleo yao mitandaoni. Watu walikomenti kwa dua, kwa machozi, kwa maswali: wamekula? Wanalala? Mguu unaendeleaje? Na jambo lenye uzito ni kwamba maswali yalipata majibu. Habari iliyofuata ilieleza hatua iliyopigwa, na waliouliza jana walirudi leo. Watu wa Iowa na watu wa Arusha, ambao hakuna barabara wala ukoo unaowaunganisha, walijikuta wanangoja habari moja. Muislamu alimwitikia Mkristo amina. Kwa miezi mitatu nchi ilikuwa na wagonjwa watatu wa nyumbani. Mpaka leo, taja Lucky Vincent mbele ya Mtanzania mtu mzima, atakuambia alikuwa wapi aliposikia, na atakuuliza hali ya wale watoto kana kwamba ni wa shangazi yake.

Wala hakukuwa na mtu aliyepanga kujenga jumuiya pale. Ilijengeka kwa sababu kulikuwa na jambo la kweli, msemaji aliyeaminika, na majibu yaliyofika kila yalipongojewa.

Mwingine aliyejengewa jumuiya na majibu ni kijana mnayemfahamu, Kili Paul. Yeye si wa huku kwetu, ni Mmaasai wa Mindu Tulieni, mkoa wa Pwani. Pamoja na dada yake Neema alikuwa akijirekodi amevaa shuka, anafuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Kijijini kwao hakukuwa na umeme. Simu ilikwenda kuchajiwa Lugoba. Mwishoni mwa 2021 klipu zao zikafika India, na India ikajibu. Februari 2022 alialikwa na kutunukiwa heshima na Ubalozi wa India Dar es Salaam, na tarehe 27 ya mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja kaka na dada hao katika kipindi chake cha redio. Wahindi hawakumpenda kwa sababu anaimba vizuri kuliko wao. Katika klipu hizo hakuimba hata neno. Walimpenda kwa sababu alijifunza maneno yao, moja moja, kwa bidii, mpaka midomo yake haikosei. Mtu akijitaabisha kujifunza lugha yako, unajisikia umejibiwa kabla hujauliza.

Tuje kwenye biashara, maana Karatu ni mji wa biashara. Barabara kuu yote ni hoteli, kambi, maduka ya vinyago na magari ya watalii. Aprili 2022 filamu ya The Royal Tour, ambamo Rais Samia anamtembeza mwandishi Peter Greenberg nchini, ilizinduliwa New York, na Ngorongoro imo ndani yake. Filamu ya namna hiyo huleta macho. Nani anajibu macho hayo yakigeuka kuwa maswali? Hapo ndipo kampuni ndogo ya Karatu inapoweza kuishinda kubwa.

Nimeona kurasa za kampuni za aina mbili. Ya kwanza inaweka picha ya simba na bei, kesho picha ya tembo na bei, keshokutwa punguzo la bei. Mgeni akiuliza kama Julai kuna baridi, hajibiwi wiki nzima. Ya pili inawaonesha mpishi na dereva na kuwataja kwa majina kwa ridhaa yao. Inaonesha tope la barabara siku ya mvua, bila kuficha. Mgeni akiuliza kuhusu baridi, anaambiwa kwamba ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwamba asubuhi ya Julai ukungu hufunika njia, na kwamba koti zito si anasa. Baada ya mwaka mmoja hivi mnaona kitu kizuri: mtu wa Brazil anauliza swali, na kabla mwenye ukurasa hajaamka, mtu wa Ujerumani aliyekuja mwaka jana ameshajibu. Siku hiyo ukurasa umekuwa baraza. Mwenye kampuni anaweza kulala, mazungumzo yanaendelea.

Vilabu vyetu vikubwa vya mpira vimeelewa hili kuliko wafanyabiashara wengi. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Vilikuwa na matawi yenye mabenchi, ubao wa matangazo na michango ya mazishi miaka mingi kabla ya Instagram. Mtandao ulipokuja, haukuvitafutia mashabiki. Uliwaunganisha tu waliokwisha kaa benchi moja.

Hata wanyama wana jumuiya zao mitandaoni. Fausta, faru mweusi wa kreta yetu, alipokufa tarehe 27 Desemba 2019 akiwa na miaka 57, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ilitangaza, na watu wasiowahi kukanyaga Tanzania walimlilia. Machi 2023 simba Bob Junior wa Serengeti aliuawa na simba vijana waliomtaka aachie himaya, na ikawa vivyo hivyo. Watu walikuwa wakifuata picha zake miaka na miaka.

Lakini hapa nawasihi kwa nguvu. Yale maneno ya kwenye simu ya upepo, kwamba faru yuko Lerai, yanasikika kwa madereva waliomo kreta, wanaofahamiana. Ukiweka picha ya faru huyohuyo Instagram pamoja na mahali na saa, umeitangazia dunia, na katika dunia hiyo majangili wamo. Faru weusi wa Afrika Mashariki nusura waishe kwa ujangili wa miaka ya 1970 na 1980. Picha wekeni, mahali msiseme, na ikiwezekana ngojeni siku zipite. Kila jumuiya ina maneno ya ndani na maneno ya nje, na mtoto aliyelelewa vizuri anajua kuyatenga.

Tushuke sasa Mang'ola, bondeni kwenye Ziwa Eyasi, kwa wakulima wa vitunguu. Huko sioni sana Instagram, naona WhatsApp. Mkulima wa kitunguu ana maadui wawili wakubwa: bei asiyoijua na lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kiasi. Dalali anakuja na gari, anasema bei ya Arusha imeanguka, na gunia linajazwa mpaka linaota kichwa huku likihesabiwa kuwa moja. Zamani mkulima hakuwa na wa kumuuliza. Sasa mwenye ndugu sokoni anauliza, jibu linakuja na picha ya gunia, na wenzake kwenye grupu wanaliona jibu hilohilo saa hiyohiyo. Mwenye simu ya kitochi anasomewa na jirani. Grupu la namna hiyo halina mapambo yoyote, hakuna wa kulisifia, na kwa maoni yangu lina kazi kubwa kuliko kurasa nyingi zenye wafuasi laki.

Admini wa grupu kama hilo ana kazi ya mwenyekiti wa kikao. Mwaka 2016 WhatsApp iliruhusu watu 256 kwenye grupu moja. Kufikia mwisho wa 2022 idadi hiyo ilikuwa imefika 1,024. Msikimbilie kulijaza. Katika watu elfu, wachache husema na waliobaki hutazama, na mmoja mwenye nia mbaya hutosha kupenyeza namba ya uongo ya kuchangia msiba. Watu arobaini wanaojuana sauti watakufaa zaidi. Admini mwema anaweka wazi nani ametoa nini na fedha imekwenda wapi, anazima ubishi kabla haujawa matusi, na habari asiyoijua chanzo chake haipitishi. Mwaka 2019 WhatsApp yenyewe ilipunguza duniani kote idadi ya mazungumzo unayoweza kusambazia ujumbe mmoja hadi matano, baada ya uvumi uliosambazwa hivyo nchini India kusababisha watu wasio na hatia kuuawa na makundi ya watu wenye hasira.

Nimebakiza jambo zito, na ninyi si wadogo kiasi cha kufichwa. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa 1959 kwa mpango wa watu, mifugo na wanyamapori kuishi pamoja, kuna mvutano mkubwa kuhusu wakazi. Serikali imesema watu na mifugo wameongezeka kupita uwezo wa hifadhi, na Juni 2022 familia zilianza kuhamia Msomera, wilaya ya Handeni. Wakazi wengi wamesema pale ni kwao na hawataki kuondoka. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya humo. Kuanzia tarehe 18 mwezi huo maelfu ya Wamaasai walijitokeza kwenye barabara ya watalii, wake kwa waume, wamevaa mashuka yao, wengine wameshika majani, ambayo kwao ni ishara ya amani. Video zikatoka kwenye simu zao zikafika Nairobi, Ulaya na Marekani. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu mjini Arusha ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa tangazo lile.

Wapo wanaosema mitandao ndiyo iliyowakusanya. Mimi siamini hivyo. Watu wale walikwisha kuwa na marika yao, na malaigwanani wao, yaani viongozi wao wa jadi, na vikao chini ya mti ambako kila mtu husema mpaka amalize. Simu iliikuta jumuiya imesimama, ikaibebea sauti. Kijiji kisicho na mazoea ya kusikilizana hata kikipewa simu elfu kitatoa kelele tu.

Na sauti inayobebwa na mtandao inaweza kukatika. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mwenye wafuasi laki alibaki na kioo cheusi; hakuna hata mmoja kati ya laki ile ambaye angeweza kumpata. Waliokuwa na namba za watu wao waliweza angalau kujaribu kupiga simu ya kawaida kuuliza, upo salama?

Kwa hiyo nawapa kazi, ninyi mlio na grupu la WhatsApp la darasa lenu. Nunueni kauntabuku moja. Andikeni jina la kila mmoja, kijiji chake, namba yake, na namba ya mtu mzima wa nyumbani kwao. Toeni nakala tatu zikae mbalimbali, moja Karatu mjini, moja Mang'ola, moja huko juu Endulen, kwa watu wanaotunza siri za wenzao. Anayebadilisha namba aseme siku hiyohiyo, na kila mwenye nakala afute ya zamani kwa kalamu ya wino.